Vijana wa Ufilipino Katika Meli ya Japani

Mnamo mwezi wa Machi 1974, katika kisiwa cha Lubang nchini Ufilipino, Luteni Hiroo Onoda wa jeshi la Japani alitoka msituni akasalimisha bunduki yake. Alikuwa ametumwa kisiwani humo mwezi wa Desemba 1944 na kukatazwa asijisalimishe. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, hakusadiki. Ilibidi Meja Yoshimi Taniguchi, ambaye wakati huo alikuwa amekwisha kuwa muuza vitabu, asafiri kutoka Japani ili amsomee amri ya kuacha vita. Askari yeyote atastaajabia utii wa namna hiyo. Lakini wakulima wa Lubang walikuwa na hesabu yao nyingine, maana katika miaka hiyo 29 ndugu zao kadhaa waliuawa kwa risasi zake na za wenzake.

Mwaka huo huo wa 1974 vijana wa Ufilipino walipanda meli ya Japani, si kwa kuwa mateka wala vibarua, bali wajumbe wa nchi yao.

Yafaa kueleza jinsi jambo hilo lilivyotukia. Mwezi wa Januari, Waziri Mkuu wa Japani, Kakuei Tanaka, alizuru nchi tano za Kusini-Mashariki ya Asia: Ufilipino, Thailand, Singapore, Malaysia na Indonesia. Mjini Bangkok wanafunzi walimlaki kwa maandamano. Mjini Jakarta, tarehe 15 Januari, ghasia zilizuka, magari yaliyotengenezwa Japani yakachomwa moto, na watu 11 wakapoteza maisha. Vijana walilalamika kwamba Japani ilikuwa inarudi na fedha mahali iliposhindwa kwa silaha. Hata hivyo, katika taarifa za pamoja zilizotolewa na serikali hizo mwezi uleule ndimo ulimopatikana msingi wa mpango wa Meli ya Vijana wa Kusini-Mashariki ya Asia. Japani haikuacha biashara yake, la hasha. Ila ilitambua kwamba biashara peke yake haitoshi kumfanya jirani akupende.

Kwa wajumbe wa Ufilipino safari hiyo ilikuwa na uzito wa pekee. Kijana wa miaka 22 aliyepanda meli mwaka ule alizaliwa mwaka 1952. Wazazi wake waliishi chini ya utawala wa Wajapani kuanzia mwaka 1942 hadi 1945. Katika mapigano ya Manila ya mwaka 1945 peke yake, raia wapatao 100,000 walikufa. Si vigumu kukisia yaliyosemwa katika baadhi ya nyumba siku kijana alipoaga.

Meli iliyojulikana zaidi katika mpango huo ni Nippon Maru. Kwa kawaida vijana wapatao 300, wenye umri wa miaka 18 hadi 30, walisafiri pamoja kwa muda wa siku 50 hivi, wakitia nanga bandari kwa bandari. Vyumba havikugawanywa kwa mataifa; Mfilipino alilala na Mjapani na Mthai chumba kimoja, na asiyependa mwenzake akoromapo hakuwa na pa kukimbilia. Kuanzia mwaka 1985 nchi nyingine zilijiunga, Brunei ikitangulia, na Kambodia ikawa ya mwisho mwaka 2000 kuukamilisha umoja wa nchi kumi za eneo lile.

Kabla ya kuondoka, wajumbe wa Ufilipino hupitia mchujo na mafunzo. Tangu mwaka 1995 shughuli za vijana zina tume yake ya taifa nchini humo. Nchi hiyo ina visiwa zaidi ya 7,000 na lugha zaidi ya 100, kwa hiyo mgeni wa kwanza ambaye mjumbe hukutana naye ni Mfilipino mwenzake. Kijana wa Luzon hujifunza singkil, ngoma ya Wamaranao wa Mindanao. Wa Mindanao naye huruka katikati ya mianzi inayogonganishwa katika tinikling, ngoma ya Leyte, na akichelewa hatua moja kifundo cha mguu hujua.

Ngoma hushangiliwa sana, lakini kiini cha safari hakikuwa jukwaani. Katika kila nchi vijana walishuka wakakabidhiwa kwa familia za raia wa kawaida, siku tatu na usiku mbili, kwa desturi wawili wawili wa nchi mbalimbali. Humo hapakuwa na hotuba. Palikuwa na mama aliyetaka kujua kama mgeni ameshiba, na baba asiyejua lugha ya mgeni. Mfilipino hufundishwa tangu utotoni kuushika mkono wa mzee na kuuweka kwenye paji la uso wake. Heshima hiyo haihitaji mkalimani, kama vile mzee wa Kampala asivyohitaji kuelezwa maana ya binti kupiga magoti anapomwamkia.

Uganda nayo ina kumbukumbu yake ya vita hivyo. Batalioni ya Nne ya KAR, iliyoandikishwa Uganda, ilipigana na Wajapani huko Burma mwaka 1944. Tarehe 12 Februari mwaka huo, meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa ikielekea Colombo, ilizamishwa na nyambizi ya Japani. Watu 1,297 walikufa, na wengi wao walikuwa askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Hao nao walikuwa vijana waliosafirishwa baharini kwenda kukutana na mataifa mengine. Miaka 44 baadaye, mwaka 1988, Japani ilianzisha meli ya pili, ya vijana wa dunia nzima, na vijana wa Kenya na Tanzania wamewahi kuipanda.

Kampala haina bahari, lakini haikukosa wageni. Mwezi wa Septemba 2017 uwanja wa Kololo ulijaa ngoma za nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki katika tamasha la JAMAFEST. Tamasha hilo lilipendeza. Linaloweza kuongezwa juu yake ni lile la meli: mgeni alale nyumbani kwa mtu. Katika kambi za askari jambo hili si geni, kwani mtoto wa Arua na wa Mbale hukua mlango kwa mlango, na Kiswahili ndicho kinachowapatanisha wakigombana. Familia ya Nsambya au Mbuya ikileta vijana wawili, mmoja kutoka Bujumbura na mwingine kutoka Mwanza, haitahitaji mengi: godoro, chandarua, maji ya kuoga, na kuuliza mapema nani hali nguruwe. Matoke yaliyopo yatatosha, hata kama yule wa Mwanza ataulizia ugali.