Maji Yamechemka, Unga Je?

"Sista, maji nimeyachemsha mwenyewe tangu alfajiri, yamepoa vizuri. Mbona mnayakataa?" Anayeuliza mara nyingi ni bibi mzaa mama, amesimama mlangoni mwa wodi ya watoto wachanga na chupa ya chai mkononi. Nimemjibu mpaka sauti imekauka. Juzi swali hilohilo likatoka kwa daktari aliye mafunzoni, nikaona sasa niandike.

Maji yako hayana kosa, bibi. Kosa liko kwenye kopo.

Watu wanaamini kwamba unga wa maziwa, kwa kuwa umefungwa kiwandani na ile karatasi ya bati juu hujaitoboa, hauna kijidudu hata kimoja. Si kweli, na haijapata kuwa kweli. Kiwandani maziwa hupashwa moto yakiwa bado maji, hilo nakubali. Lakini baada ya hapo hukaushwa, pengine huongezwa vitu vingine vikavu, hupitishwa kwenye mashine, ndipo hufungwa. Bakteria wanaoingia katika hatua hizo za mwisho hawakutani tena na moto. Anayetutisha zaidi ni Cronobacter sakazakii. Kwenye unga mkavu hukaa miezi na miezi bila kufa wala kuzaliana. Mpe maji ya uvuguvugu na saa kadhaa za joto la wodi, ataongezeka. Mtoto mkubwa mwenye afya pengine hatadhurika. Mtoto njiti wa kilo moja na kitu, bakteria huyo humwingia kwenye damu, humpa homa ya uti wa mgongo, na akinusurika mara nyingi hubaki na madhara ya ubongo. Ugonjwa wenyewe ni nadra, sikatai. Wodi ya njiti ndipo unapopata wa kuwaua.

Anayebisha aangalie yaliyotokea Tennessee, Marekani, mwaka 2001. Mtoto njiti alikufa kwa homa ya uti wa mgongo akiwa katika uangalizi maalumu. Maziwa yake yalikorogwa kwa maji maalumu ya hospitali yasiyo na kijidudu, yakahifadhiwa kwenye friji. Wachunguzi walifungua makopo ya toleo lilelile ambayo hayajaguswa na mtu, wakamkuta bakteria yuleyule ndani ya unga. Hapo utayalaumu maji gani?

Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani na Shirika la Chakula na Kilimo (FAO) walielekeza mwaka 2007 kwamba unga ukorogwe kwa maji yenye joto lisilopungua nyuzi 70. Moto huo ni wa kuua kilichomo kwenye unga. Maji yaliyochemka yasiachwe kupoa zaidi ya nusu saa. Yale ya tangu alfajiri ni safi, lakini hayaui chochote. Wala usinionyeshe mvuke unaotoka kwenye chupa ya chai: maji ya nyuzi 50 nayo hutoa mvuke. Tumia kipimajoto.

"Maji ya moto yanaua vitamini!" Hili nalo linanichosha. Vitamini C hupungua kidogo. Kati ya upungufu huo na homa ya uti wa mgongo, sioni cha kujadili. Na kama kopo limeandikwa maji ya uvuguvugu, mtoto aliyelazwa anafuata utaratibu wa wodi, si wa kopo.

Sasa la kufanya. Kwanza maziwa ya mama, hata yakiwa matone: kamua, apewe kwa kikombe au kwa mpira wa kulishia. Yakikosekana, maziwa ya mama mwingine yaliyopashwa moto na kupimwa katika benki ya maziwa, kama ile ya hospitali ya Pumwani, Nairobi, iliyoanza 2019, ingawa kwingi benki hizo hazipo. Kisha maziwa ya maji yaliyotengenezwa tayari kiwandani, ambayo hayana kijidudu mpaka yafunguliwe, ila bei yake ni kali na hayapatikani kirahisi. Unga ni wa mwisho. Uandaliwe mahali pake, si kando ya sinki la kuoshea vifaa vya wodi. Nawa mikono, tumia vyombo vilivyochemshwa, mtu asizamishe vidole akitafuta kijiko ndani ya kopo. Koroga kwa nyuzi 70, pooza upesi kwenye bakuli la maji baridi, jaribu tone juu ya kifundo cha mkono, mlishe ndani ya saa 2. Ya baadaye yaingie kwenye friji isiyozidi nyuzi 5, yasivuke saa 24, na kuyapasha kusizidi dakika 15, maikrowevu hapana. Masalio yamwagwe. Kikombe ni bora kuliko chupa, maana chuchu ya chupa haisafishiki kirahisi. Kila chombo kiandikwe jina, tarehe na saa. Kisicho na saa kinamwagwa, hata kama kimejaa na bibi amenuna.