Santuri inavuma? Usikimbilie kununua priampu mpya

Una santuri za Mbaraka Mwinshehe alizoacha mzee, lakini zikicheza unasikia mvumo na mikwaruzo? Kabla ya kutoa hela, jua tatizo liko wapi.

Priampu ina kazi mbili. Inakuza umeme mdogo unaotoka kwenye sindano, kama milivolti 5 tu kwa aina ya MM. Pia inarudisha besi iliyopunguzwa wakati wa kurekodi na kushusha sauti nyembamba iliyoongezwa, kwa kipimo cha RIAA kinachotumika tangu miaka ya 1950.

Anza na vya bure. Kiangazi cha Makutupora, Dodoma, kina vumbi balaa, so futa santuri na sindano. Kaza waya wa ethi, maana ukilegea mvumo hauishi. Sogeza adapta za umeme mbali.

Kagua sindano. Ikiisha inakwangua santuri, na hapo priampu ya bei yoyote haikusaidii. Santuri ya mzee hairudi.

Rekebisha kama priampu ni ya zamani na besi imepotea au upande mmoja uko chini. Mara nyingi ni kapasita zilizokauka. Fundi redio aweke zenye mikrofaradi zilezile, volti zisipungue.

Nunua mpya ukihamia sindano ya MC. Hiyo hutoa kama milivolti 0.5 au pungufu, na priampu ya MM haitaikuza vya kutosha.