Mtoto yuko chuo ng'ambo: anaishi na nani huko?

Kuna swali linalorudi mara kwa mara kwenye simu za kipindi chetu cha jioni, na mara nyingi anayeuliza ni mzazi. Mtoto amepata chuo nje ya nchi, familia imeuza cha kuuzwa, kijana amepanda ndege. Miezi ya kwanza picha zinaingia kila siku: theluji, treni, sahani ya chakula kisichojulikana. Halafu, kama mwezi wa saba hivi, simu zinapungua. Akipokea anajibu kwa mkato. Mzazi aliye Kiwira au Masoko anaanza kujiuliza: ametusahau? Amepata watu wengine? Au anaumwa anatuficha?

Habari za viza na ada zina watu wengi wa kuzieleza. Sisi leo tunaeleza jambo ambalo halipo kwenye vipeperushi vya vyuo, nalo ni siku ya kawaida ya mwanafunzi huyo na watu anaoishi nao. Kwa maoni yetu, mengi yanayompata huko, mazuri na mabaya, yanaanzia hapo.

Saa ya kwetu si saa yake

Tuanze na simu yenyewe, maana ugomvi mwingi wa bure unaanzia kwenye saa. Ikiwa ni saa 2 usiku hapa Tukuyu, watu wamemaliza kula na bando la usiku limefunguka, London wakati wa baridi ni saa 11 jioni. Kijana yuko darasani bado, au ndiyo kwanza anaingia kibaruani. Detroit, Marekani, ni saa 6 mchana. Beijing ni saa 7 usiku, amelala. India ni saa 4 na nusu usiku. Ulaya na Marekani nao husogeza saa zao mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo tofauti yetu na London ni saa tatu wakati wa baridi na saa mbili wakati wa joto. Mzazi aliyezoea kupiga saa ileile anakuta ghafla mtoto hapokei, anadhani amebadilika tabia.

Kwa aliye China kuna jambo jingine: WhatsApp imefungwa huko. Wanafunzi wengi hutumia WeChat, hivyo ni vizuri ndugu mmoja nyumbani aiweke kwenye simu yake kabla kijana hajaondoka.

Giza kuliko baridi

Kijana wa Isongole anaamini yuko tayari kwa baridi. Kakulia kwenye ukungu, mvua ya kwetu anaijua, Julai anavaa sweta mbili. Na kweli, baridi ya Ulaya inavumilika kuliko tunavyodhani, kwa sababu nyumba zina joto ndani na makoti yapo. Kinachowashinda wengi ni giza. Katika mji wa Edinburgh, Uskoti, mwezi Desemba jua huchomoza karibu saa 3 kasoro robo asubuhi na kuzama kabla ya saa 10 alasiri. Unaamka gizani, unatoka darasani gizani. Mtu aliyezaliwa hapa, ambako mchana na usiku vinakaribia kulingana mwaka mzima, mwili wake haujawahi kuona kitu kama hicho. Usingizi unaharibika, hamu ya chakula inapungua, anataka kubaki chumbani. Nyumbani wanaita uvivu.

Na chumba chenyewe ni chake peke yake. Katika hosteli nyingi mwanafunzi ana chumba kidogo, kitanda na meza, kisha jiko la pamoja la watu watano au kumi. Jikoni ndiko urafiki unakoanzia, au unakoshindikana. Kila mmoja ana rafu yake kwenye friji, na maziwa ya mwenzako huyagusi hata kama unajua atakusamehe. Kuna zamu ya kusafisha imebandikwa ukutani. Ujerumani, ikishafika saa 4 usiku, muziki unapunguzwa na hata kucheka kwa sauti kunaweza kuleta jirani mlangoni. Anayepika maharage kwa saa mbili anaangaliwa kwa mshangao, ingawa akiwaonjesha mara moja mambo hubadilika. Ndizi za kupika anaweza kuzipata kwenye maduka ya wahamiaji, ghali.

Salamu pia zinamchanganya. Hapa kwetu huwezi kumpita mtu njiani kimya, na ukisalimia unasimama, unauliza ya nyumbani, ya shamba, ya ng'ombe. Kule mtu anakuuliza hali huku anatembea na hasubiri jibu. Jirani wa mlango unaofuata anaweza kukaa mwezi mzima hajui jina lako. Si chuki. Ni desturi ya miji yao kwamba kumwacha mtu na nafasi yake ni heshima. Vilevile, rafiki akikwambia tutaonana, anatoa kalenda, anapendekeza Alhamisi ya wiki ijayo saa fulani. Mkienda kula, kila mmoja analipa chake. Kijana wetu, ambaye hajawahi kula mbele ya mwenzake bila kumkaribisha, inamchukua muda kuelewa kwamba huo nao ni urafiki.

Ukwangala bila kijiji

Wazee wa Rungwe wana neno lao: ukwangala. Ni zile raha za kukaa na wenzako, kula pamoja, kuongea hadi usiku, na kusaidiana kunakotokana na huko kukaa pamoja. Zamani vijana wa Kinyakyusa walipofikia umri wa miaka kama kumi waliondoka kulala kwa wazazi wakajenga vibanda vyao pamoja na wa rika lao, na kijiji cha rika kikakua nao. Walienda kula kwa makundi, leo kwa mama huyu, kesho kwa mama yule. Monica Wilson, mtafiti aliyefanya kazi wilayani kwetu miaka ya 1930 pamoja na mumewe Godfrey, aliandika kitabu kizima kuhusu maisha hayo mwaka 1951, akakiita Good Company. Yeye mwenyewe alikuwa kijana mgeni hapa, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyesoma Cambridge.

Tunalitaja hilo kwa sababu linasaidia kuelewa kinachompata mwanafunzi. Hapa rika unalikuta. Unazaliwa nalo, unachunga nalo, unakwenda nalo kipaimara. Kule hakuna rika linalokusubiri. Lazima ulijenge mtu mmoja mmoja, kwa lugha ya kigeni, ukiwa umechoka.

Mtafiti wa Norway, Sverre Lysgaard, mwaka 1955 aliandika kuhusu wenzake wa Norway waliokwenda Marekani kusoma na kufanya utafiti. Aligundua kwamba waliokaa chini ya miezi sita walikuwa na furaha kiasi, na waliokaa zaidi ya mwaka mmoja na nusu pia. Walio katikati, kati ya mwezi wa sita na wa kumi na nane, ndio waliokuwa na hali ngumu zaidi. Watafiti wa baadaye wamempinga kwa kusema si kila mtu hupita njia hiyo, na tunakubali. Lakini mzazi anayehesabu ule mwezi wa saba ataona kwa nini tumemtaja. Ugeni umekwisha kuwa mtamu, na wenyeji bado hawajawa marafiki.

Mwaka 1977 Stephen Bochner na wenzake, wakichunguza wanafunzi wa kigeni Hawaii, waliona kwamba marafiki wao huwa wa aina tatu, na kila aina ina kazi yake. Wa kwanza ni watu wa nchi yake mwenyewe, ambao mbele yao anakuwa yeye na lugha yake. Wa pili ni wenyeji, ambao zaidi humsaidia mambo ya masomo na kuijua nchi. Wa tatu ni wageni wenzake kutoka nchi nyingine, wa kucheka nao na kutembea nao. Wazazi wengi humwambia mtoto mojawapo ya mambo mawili: kaa na Watanzania wenzako, au, usikae na Watanzania watakupoteza. Yote mawili yanamnyima kitu. Akikaa na wa kwetu tu, lugha inabaki palepale na mtihani unamshinda. Akiwakimbia, siku anapofiwa na babu hana wa kulia naye kwa Kiswahili.

Mwalimu Julius Nyerere alipita humo humo. Alifika Edinburgh mwaka 1949, akiwa na miaka 27, akahitimu shahada yake 1952. Alisitasita kwanza kuupokea ufadhili kwa sababu alijiuliza nani atamtunza mama yake na wadogo zake. Alimwacha pia mchumba, Maria Gabriel, ambaye alimuoa 1953 baada ya kurudi. Watanganyika katika chuo cha Uingereza wakati ule walikuwa wa kutafuta kwa tochi. Marafiki zake walikuwa pamoja na Wanaijeria na watu wa visiwa vya Karibi, yaani ile aina ya tatu: wageni kwa wageni. Baadaye alisema fikra zake za siasa zilikomaa akiwa huko. Sisi tunadhani mazungumzo na wenzake hao yalichangia, si vitabu peke yake.

Wilaya yetu nayo ina mfano wake. Godfrey Mwakikagile, mwandishi wa vitabu vingi kuhusu Afrika, alisoma Shule ya Msingi Kyimbila hapa karibu na Tukuyu, kisha Mpuguso, Songea na Tambaza. Alifanya kazi ya uandishi wa habari Dar es Salaam kwenye gazeti la Standard, ambalo baadaye likawa Daily News, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 akaenda Marekani. Alisoma Chuo Kikuu cha Wayne State, Detroit, akahitimu 1975. Waliomfadhili walikuwa kikundi cha Wamarekani weusi wa mji huohuo, Pan-African Congress-USA, na chuoni aliongoza umoja wa wanafunzi wa Afrika. Miaka mingi baadaye aliandika kitabu kuhusu uhusiano wa Waafrika na Wamarekani weusi, na sehemu kubwa yake ni kuhusu dhana potofu ambazo kila upande unazo juu ya mwenzake. Hilo vijana wanaokwenda Marekani walijue mapema. Kufanana rangi hakuwafanyi watu marafiki siku ya kwanza. Inabidi waulizane.

Pesa inayoonekana na isiyokuwepo

Hapa ndipo nyumbani tunapoingia. Mwanafunzi anayekwenda Ujerumani bila ufadhili hutakiwa kuonyesha kwanza fedha kwenye akaunti maalumu. Tangu Septemba 2024 kiasi ni euro 11,904 kwa mwaka, ambazo kwa shilingi ni milioni 30 na zaidi. Habari hiyo ikifika kijijini inakuwa kwamba mtoto wa fulani ana milioni 30 benki. Ukweli ni kwamba akaunti hiyo humruhusu kutoa euro 992 tu kwa mwezi, na kodi ya chumba, bima ya afya, chakula na nauli huzimaliza.

Kazi zipo, lakini zina mpaka. Uingereza, mwanafunzi wa shahada kwa kawaida anaruhusiwa saa 20 kwa wiki wakati wa muhula. Ujerumani, siku 140 nzima au 280 za nusu kwa mwaka. Akizidisha anahatarisha viza yake. Kwa hiyo ndugu anapoomba bati za nyumba, mwingine ada, mwingine ya kutolea, kijana ambaye hawezi kusema hana hutafuta saa za ziada, anakosa vipindi, anawakwepa marafiki kwa sababu hana hata ya chai, na mwisho hapokei simu. Mara nyingi ukimya ule ni wa aibu. Kuna wanaofeli mwaka mzima nyumbani hawajui.

Mzazi anaweza kupunguza mzigo huo kwa mambo madogo. Familia ichague mtu mmoja wa kupeleka shida za pesa, na zisiwe kwenye kundi la ukoo la WhatsApp ambako kila mtu anasoma. Simu nyingine zipigwe bila ombi lolote, kumpa habari tu: mvua imeanza, fulani kaoa, chai imeshuka bei, Simba kafungwa. Muulize majina ya rafiki zake, na uyakumbuke. Mwombe akuonyeshe jiko la hosteli kwa video, umsalimie huyo Mhindi au Mghana aliyesimama nyuma yake, hata kwa Kinyakyusa. Wanapenda sana. Akisema amechoka, usimjibu kwa kumhesabia gharama.

Na kabla hajaondoka, andikeni kwenye daftari la nyumbani, si kwenye simu inayoweza kupotea: jina lake kamili kama lilivyo kwenye pasipoti, jina la chuo na anwani ya anapoishi, namba ya ubalozi wetu wa nchi hiyo au ya karibu nayo. Akishafika na kutulia, ongezeni mstari mmoja: jina na namba ya rafiki mmoja anayekaa naye jirani, anayeweza kugonga mlango wake.