Umbo la Matini na Sifa za Lugha katika Ufundishaji wa Kiingereza: Mchango wa Wanaisimu wa Sydney

1.0 Utangulizi

Katika ufundishaji wa Kiingereza, umbo la matini na sifa za lugha aghalabu hutenganishwa: umbo huachiwa somo la utungaji, sifa za lugha huachiwa sarufi. Makala haya yanadai kwamba utengano huo humnyima mwanafunzi maarifa anayoyahitaji zaidi, na yanaufafanua uhusiano wa mawili hayo kwa kurejelea kazi za wanaisimu wa Sydney, Australia.

2.0 Utanzu na Sarufi

Msingi wa kazi hizo ni nadharia ya M.A.K. Halliday, ambaye kwake sarufi ni hazina ya kuteulia maana, si orodha ya kanuni. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, J.R. Martin na Joan Rothery walichunguza maandishi ya wanafunzi wa shule za msingi, wakabaini kuwa mengi yalikuwa masimulizi; maelezo ya kisayansi na hoja yalikuwa haba. Martin aliufasili utanzu kuwa mchakato wa kijamii wenye lengo na hatua. Kila hatua hudai sifa zake za lugha.

Kanuni hii yaonekana hata katika Kiswahili. Linganisha:

(a) Udongo ulimomonyoka kwa sababu mvua ilinyesha sana.
(b) Wingi wa mvua ulisababisha mmomonyoko wa udongo.

Katika (a), matukio yamebebwa na vitenzi na usababishi na kiunganishi. Katika (b), matukio yamegeuzwa nomino, na usababishi umekuwa kitenzi. Sentensi ya kwanza yafaa masimulizi. Ya pili ni lugha ya vitabu vya sayansi. Asiyefunzwa mageuzi hayo hubaki nje ya elimu inayoandikwa kwayo.

3.0 Mjadala

Mbinu hii haikukosa wapinzani. Mwaka 1993 Aviva Freedman alihoji iwapo ufundishaji wa wazi ni wa lazima, kwani watu wengi hujifunza tanzu kwa kuzitumia. Hoja hiyo ina uzito, lakini yachukulia kwamba matumizi hayo yako karibu na kila mwanafunzi. Mtoto ambaye nyumbani hakuna vitabu hana pa kujifunzia ila darasani.

4.0 Hitimisho

Hatari iliyopo ni kuyageuza maumbo kuwa kalibu za kukaririwa. Kinga yake ni kumwuliza mwanafunzi, kwa kila umbo, si jina lake tu, bali kazi lifanyayo na sarufi iliyoliwezesha.