Msomaji Anapovuka Rafu

Mwaka 1876, Mmarekani Melvil Dewey aliigawa elimu yote katika mafungu kumi na kuyapa namba. Maktaba nyingi duniani, zikiwamo za Afrika Mashariki, zingali zinapanga vitabu vyake hivyo. Anayejua anachokitafuta hapati shida. Ila mtu anayetaka kuanzisha biashara ya kuku atakuta ufugaji wake kwenye 636.5, uhasibu kwenye 657, na sheria mbali kabisa, kwenye 340.

Njia anayopita msomaji kama huyo inaweza kuchorwa. Mwaka 2009, Johan Bollen na wenzake wa Maabara ya Taifa ya Los Alamos, Marekani, walichapisha ramani ya namna hiyo katika jarida la PLoS ONE. Walichambua kumbukumbu za mibofyo inayokaribia bilioni 1 kutoka mitandao ya wachapishaji na vyuo vikuu. Swali lao lilikuwa jepesi: aliyefungua makala ya jarida hili, alifungua jarida gani baada yake? Majarida yaliyofuatana mara nyingi yaliunganishwa kwa mstari.

Awali, ramani za sayansi zilichorwa kwa kuangalia nani kamnukuu nani. Manukuu huchelewa kwa miaka, tena humhesabu mwandishi peke yake. Muuguzi au mwanafunzi asiyechapisha chochote haonekani. Ramani ya mibofyo ilitoka na sura ya gurudumu: sayansi za asili pembeni, na sayansi za jamii pamoja na taaluma kama falsafa na lugha, ambazo ramani za manukuu huzibana, zikiwa katikati.

Hata vitabu vya kuazima huacha nyayo. Katalogi ya Chuo Kikuu cha Huddersfield, Uingereza, ilimwonyesha msomaji vitabu vingine vilivyoazimwa na watu walioazima kile anachokitazama. Desemba 2008 chuo hicho kilitoa hadharani takwimu za vitabu zaidi ya 80,000, zilizotokana na uazimaji wa karibu mara milioni 3 katika miaka 13. Majina ya wasomaji hayakuwamo.

Hilo la majina si dogo. Baada ya Marekani kupitisha sheria ya usalama iitwayo Patriot Act mwaka 2001, baadhi ya maktaba zilianza kufuta kumbukumbu za uazimaji, ili dola ikija kuuliza nani kasoma nini, isikute kitu. Kwa kuchora ramani, inatosha kujua kitabu kipi kilifuatwa na kipi.

Mkutubi akishaziona njia hizo, anaweza kuweka nakala ya kitabu cha uhasibu kwenye meza ya ufugaji, au kununua vitabu zaidi pale masomo mawili yanapokutana. Lakini ramani hujengwa na vilivyopatikana tu. Aliyekosa kitabu akaondoka mikono mitupu hajaacha mbofyo wala muhuri, kwa hiyo maombi yaliyokosa majibu nayo yanahitaji daftari lake pale kaunta.