Jina, Namba na Kidole: Namna ya Kutafuta Kumbukumbu za Waliokamatwa

Kutoka Nyegezi hadi lango la Gereza la Butimba, pembezoni mwa mji wa Mwanza, ni mwendo mfupi ambao mtu aweza kuutembea kwa miguu. Lakini mtu aliyekamatwa Nyegezi hafiki Butimba kwa njia hiyo fupi. Hupitia kituo cha polisi, kisha mikononi mwa wapelelezi, kisha mahakamani. Na kila afikapo, jina lake huandikwa upya katika daftari jingine na kupewa namba nyingine. Ndugu wanaomtafuta aghalabu hudhani kwamba ipo orodha moja ya watu wote walio kizuizini, na kwamba kinachotakiwa ni kumpata tu karani mwenye kuishika. Katika wilaya nyingi za Marekani orodha ya namna hiyo ipo kweli, tena hutolewa kwenye intaneti ili mtu ye yote aisome. Tanzania haina orodha kama hiyo iliyo wazi kwa umma. Kilichopo ni mfuatano wa madaftari, na anayeujua mfuatano huo hupata anachokitafuta kwa urahisi zaidi kuliko mwenye kulitaja jina tu.

Daftari la kwanza ni lile la taarifa zinazofikishwa kituoni, ambalo namba yake wananchi wameizoea kwa herufi mbili, RB. Yafaa kukumbuka kwamba namba hii ni ya taarifa, wala si ya mtu. Wavuvi watatu wakikamatwa kwa taarifa moja ya wizi wa nyavu, RB yao ni moja. Na mtu akiwa na mashtaka mawili yaliyoletwa na walalamikaji wawili, ana RB mbili. Daftari la pili ni la mahabusu wa kituo. Humo huandikwa jina, kosa analotuhumiwa, na saa ya kuingizwa na ya kutolewa. Upelelezi ukifunguliwa rasmi, jalada lake hupata namba yake yenyewe. Hatimaye shauri likifika mahakamani, karani hulipa namba ya kesi pamoja na mwaka, nayo ndiyo itakayotumika hadi hukumu.

Katika hayo yote, kinachodharauliwa zaidi ni ile saa ya kuingizwa mahabusu. Chini ya Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985, polisi wana muda wa msingi wa saa 4 za kumhoji mtu aliyekamatwa, muda ambao waweza kuongezwa kwa utaratibu maalumu. Na mtu aliyekamatwa bila hati, ikiwa haielekei kwamba ataweza kufikishwa mahakamani katika saa 24, mkuu wa kituo hana budi kulichunguza suala lake na kufikiria kumwachia kwa dhamana, isipokuwa kosa likiwa zito. Muda huo hauwezi kupimwa bila kujua ulianzia wapi. Daftari lisiloandikwa saa huifanya sheria hiyo kuwa kama mizani isiyo na mawe.

Mkoa wa Mwanza una sababu yake ya kulikumbuka jambo hili. Mwaka 1976, katika msako uliofuata mauaji ya watu, wengi wao wanawake wazee waliosingiziwa uchawi, wananchi walikamatwa kwa wingi katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, na baadhi yao walifia kizuizini kwa mateso. Mwanzoni mwa mwaka 1977 Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu kwa ajili ya vifo hivyo, na maofisa waliohusika walifikishwa mahakamani. Katika shauri la namna hiyo maswali ya kwanza huwa ya kawaida kabisa: nani alimpokea mtu huyu, siku gani, saa ngapi, na alikuwa mzima au mgonjwa? Mistari michache ya wino ya askari wa zamu ndiyo yenye majibu.

Tuje sasa gerezani. Butimba, kama magereza mengine mengi, huwa na watu wa aina mbili ambao watu huwachanganya. Mfungwa ni yule aliyekwisha kuhukumiwa. Mahabusu ni yule ambaye kesi yake bado, lakini amekosa dhamana au kosa lake halina dhamana. Wote wawili hupokewa kwa hati ya mahakama; bila hati, mkuu wa gereza hana mamlaka ya kumpokea mtu. Hati ya mahabusu huonyesha namba ya kesi na tarehe ya kurudishwa mbele ya hakimu, na kwa kawaida shauri la mtu aliye mahabusu haliahirishwi kwa zaidi ya siku 15 kwa mara moja. Kwa hiyo ndugu aliyeikosa tarehe moja hana haja ya kukata tamaa: akiwa na namba ya kesi, karani wa mahakama atamwambia tarehe inayofuata, naye atamwona mtu wake akishuka garini. (Anayemtafuta ndugu Zanzibar asiulize gereza: huko huitwa Chuo cha Mafunzo, chini ya idara nyingine na sheria nyingine.)

Kwa nini namba zitiliwe mkazo hivi, na jina lisitoshe? Wenyeji wa Usukumani wataelewa upesi. Pacha wa kwanza kuzaliwa huitwa Kulwa, wa pili Doto, na mtoto anayewafuata huitwa Shija. Mabula ni aliyezaliwa wakati wa mvua. Majina haya yanapendeza kwa kuwa yanaeleza habari ya kuzaliwa, lakini kwa sababu hiyo hiyo kila kijiji kina akina Kulwa na akina Mabula wengi. Mtu huyo huyo aweza kuwa na jina la nyumbani, la ubatizo au la Kiislamu, la shuleni, na la utani analojulikana nalo mwaloni. Karani naye huandika kama alivyosikia: Robert huwa Lobeti, Mabula huongezwa herufi moja akawa Mabulla. Na wapo wanaotaja jina la uongo makusudi. Ndiyo maana anayekwenda kuuliza hushauriwa aende na majina yote matatu, pamoja na siku na mahali mtu alipokamatwa. Tarehe huukata msitu wa majina mara moja.

Tatizo hili ni la zamani, na ndilo lililowafanya wataalamu wageukie vidole. Matuta madogo ya ngozi yaliyo kwenye ncha za vidole huanza kujitokeza mtoto angali tumboni, yapata mwezi wa tatu, na hukamilika kabla ya kuzaliwa. Umbo lake hutegemea urithi kwa sehemu, na kwa sehemu mkao wa mtoto na misukumo midogo midogo ndani ya tumbo. Hivyo hata Kulwa na Doto waliotokana na yai moja, ambao vinasaba vyao ni sawasawa, hawana alama za vidole zilizo sawa. Mwaka 1892 Mwingereza Francis Galton alitoa kitabu kuhusu alama hizo, akikadiria kwamba nafasi ya vidole viwili vya watu tofauti kulingana ni moja katika bilioni 64.

Lakini kujua kwamba alama hazilingani hakumsaidii karani mwenye kadi 100,000 kabatini. Atatafuta kuanzia wapi? Jibu lilipatikana Calcutta, ambako Azizul Haque na Hem Chandra Bose, wakifanya kazi chini ya Edward Henry, walibuni njia ya kuigeuza mikono miwili kuwa sehemu ya hesabu. Ofisi ya kwanza ya namna hiyo ilifunguliwa huko mwaka 1897, na London ikafuata mwaka 1901. Njia yenyewe ilipewa jina la mkubwa wao, kama ilivyokuwa kawaida ya ukoloni.

Wanafunzi waweza kuijaribu kwa wino wa muhuri. Alama za vidole ni za aina kuu tatu: tao, kitanzi na mviringo. Vipe vidole namba, dole gumba la kulia likiwa 1, kidole cha mwisho cha kulia 5, dole gumba la kushoto 6, hadi 10. Vipange katika jozi tano. Kila mviringo katika jozi ya kwanza huhesabiwa 16, ya pili 8, ya tatu 4, ya nne 2, ya tano 1. Tao na kitanzi havihesabiwi kitu. Jumla ya vidole vya namba shufwa, ukiongeza 1, ndiyo kiasi. Jumla ya vidole vya namba witiri, ukiongeza 1, ndiyo asili. Mtu mwenye mviringo kwenye dole gumba la kulia (namba 1) na kidole cha pete cha kulia (namba 4) atapata kiasi cha 8+1 na asili ya 16+1, yaani 9/17. Kwa kuwa kiasi na asili zote zaweza kuwa 1 hadi 32, mafungu yote ni 32×32, yaani 1,024. Mafungu hayo hayalingani kwa wingi, maana vitanzi ndivyo vingi duniani, na fungu la 1/1 hujaa kuliko mengine. Hata hivyo kazi ya karani hupungua sana. Siku hizi kompyuta hulinganisha mahali tuta linapokatika au kugawanyika, nayo humaliza kwa muda mfupi kazi iliyochukua siku nzima.

Njia hii nayo ina mipaka. Alama kamili za vidole kumi zilizochukuliwa kwa utulivu kituoni ni kitu kimoja. Alama ya kidole kimoja iliyofifia kwenye mfuko ni kitu kingine. Baada ya milipuko ya treni ya Madrid mwezi Machi 2004, wataalamu wa Marekani walidai kwamba alama moja ni ya mwanasheria wa Oregon. Alishikwa kwa siku kadhaa, kabla ya polisi wa Hispania kuonyesha kwamba alama hiyo ni ya raia wa Algeria.

Kwa vidole hivyo hivyo raia wa Tanzania aweza kujua kumbukumbu za polisi zinasema nini juu yake mwenyewe: akiomba hati ya tabia njema, alama zake huchukuliwa na kulinganishwa na zile za waliopatikana na hatia. Za wengine hawezi kuzifungua hivyo. Mtafiti wa historia ana njia tofauti. Chini ya sheria ya kumbukumbu na nyaraka ya mwaka 2002, karatasi za serikali zilizokabidhiwa kwenye Nyaraka za Taifa, ambazo zina kituo cha kanda Mwanza, kwa kawaida hufunguliwa kwa wasomaji zikitimiza miaka 30. Aendaye huko aandike kwanza mwaka, kisha wilaya, kisha mahakama. Jina aliweke mwisho.