Sinema jangwani: Kwa nini Wasahrawi hutazama filamu za Kihispania

NI nadra mshindi wa tamasha la filamu kutuzwa ngamia. Katika FiSahara, tamasha lililoanzishwa 2003 kwenye kambi za wakimbizi wa Sahara Magharibi karibu na Tindouf, Algeria, tuzo kuu ni ngamia jike mweupe. Kwa kawaida mnyama huyo huachiwa familia ya kambini, kwani msanii wa Madrid atamfuga wapi?

Wasahrawi huzungumza Kiarabu cha Hassaniya. Hata hivyo, Uhispania ilitawala nchi yao tangu 1884 hadi 1976, ikaondoka kabla ya wenyeji kupiga kura ya kuamua hatima yao. Morocco na Mauritania zikaingia, vita vikazuka, na maelfu wakakimbilia Algeria. Huko waliendelea kufunza Kihispania shuleni. Lugha ya mkoloni ikageuka kitambulisho, kwa kuwa majirani wao wote hutumia Kifaransa.

Usiku filamu huonyeshwa nje, watazamaji wakiketi mchangani. Lakini lenye uzito zaidi, kwa maoni ya mwandishi huyu, ni masimulizi ya wazee mahemani, chai ikinywewa duru tatu kama ilivyo desturi. Historia ya wafugaji hawa wahamaji, pamoja na njia za kufikia visima na mashairi yao, ilihifadhiwa vinywani, si vitabuni. Kijana aliyezaliwa kambini hajaiona nchi hiyo. Huijua kwa kusimuliwa tu, na wasimulizi walioikimbia wakiwa watu wazima sasa ni wakongwe.

Ndiposa vijana waliofunzwa utengenezaji filamu kambini humo wakaanza kuwaelekezea wazee wao kamera.